Daftari la Wauguzi

Ewe msomaji, ukilazwa hospitali ukiwa mgonjwa, na mwuguzi akaja kitandani kwako, humwulizi jina lake limeandikwa wapi. Humtazama mikono. Ikiwa mikono ile ni mipole na yaijua kazi, moyo wako hutulia. Walakini nyuma ya mikono hiyo lipo daftari la serikali lenye jina lake na nambari yake, na lau jina hilo lingefutwa leo, kesho asingeruhusiwa kukudunga sindano. Tena daftari hilo lina desturi moja ya ajabu: halivuki mpaka. Mwuguzi apandapo ndege kwenda kufanya kazi ng'ambo, ujuzi wake huenda naye, bali jina lake hubaki nyuma.

Zamani hapakuwa na daftari popote. Aliyejiita mwuguzi aliitwa hivyo, awe amefundishwa au hakufundishwa, na mgonjwa ndiye aliyelipia kosa. Nchi iliyotangulia kutunga sheria mahsusi ya kuwaandikisha wauguzi ilikuwa New Zealand, mwaka 1901. Na Januari 1902 jina la Ellen Dougherty likawa la kwanza. Uingereza ilichelewa kwa sababu wakubwa wa kazi hiyo walikuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe. Bibi Ethel Bedford Fenwick alidai daftari kwa muda wa miaka thelathini. Florence Nightingale, ambaye sifa zake umezisoma, alilipinga, akisema kuwa mtihani hauwezi kupima tabia njema ya mwuguzi. Mimi naona kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Sheria ilipita mwaka 1919, Nightingale akiwa amekwisha kufa, na daftari lilipofunguliwa mwaka 1921 jina la Bibi Fenwick liliandikwa mbele ya yote.

Sasa angalia jinsi daftari hilo lilivyojengwa, maana hapo ndipo penye asili ya mashaka mengi. Lilikuwa kama nyumba yenye ukumbi mmoja na vyumba vya pembeni. Ukumbini waliingia wauguzi wa kawaida. Vyumbani waliwekwa wauguzi wa wenye maradhi ya akili, wauguzi wa watoto wagonjwa, na hata wauguzi wanaume, ambao hawakutolewa katika chumba chao mpaka mwaka 1949. Mtu aliweza kujifunza kazi ya chumba kimoja tu, akawa bingwa wa hicho, asikanyage ukumbini maisha yake yote. Nchini kwake hakudhurika kwa hayo.

Mwaka 1943, vita vikiendelea na wauguzi wakiwa haba, Waingereza wakaongeza mlango wa chini: orodha ya wauguzi wasaidizi, waliofundishwa miaka miwili badala ya mitatu. Mwezi Julai 1948 serikali ikaanza kutoa matibabu kwa watu wote bila ya malipo, na hospitali zikahitaji watumishi kuliko walivyopatikana. Basi wasichana wakaitwa kutoka Jamaica, Barbados, Nigeria na makoloni mengine. Wengi walikuja wakidhani kuwa watapata daraja kamili. Wapo walioipata: Kofoworola Abeni Pratt wa Nigeria alisomea St Thomas', katika shule iliyoasisiwa na Nightingale mwenyewe, akarudi kwao na kuwa kiongozi mkubwa wa wauguzi. Lakini wengine wengi, hata wenye elimu ya kutosha, walielekezwa kwenye ule mlango wa chini, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza tofauti yake. Walivaa sare, wakakesha zamu za usiku, wakaosha wagonjwa na kugawa dawa, wakapewa cheti. Siku ya kurudi makwao ndipo walipotambua, maana cheti kile hakikukubaliwa huko. Fikiri, msomaji, uchungu wa binti aliyeagwa bandarini na ukoo mzima, ambaye hawezi kurudi kwao akaitwa mwuguzi, wala huko aliko hapandishwi cheo. Mimi siuiti msiba huo bahati mbaya. Palikuwa na watu waliojua.

Marekani nako mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko kila jimbo hutoa leseni yake, na mwuguzi sharti awe amesoma kuuguza watu wazima, watoto, wazazi na wenye maradhi ya akili, yote pamoja. Wageni wengi, hasa kutoka Ufilipino, waliingia nchini kwanza, wakaanguka mtihani wa leseni baadaye, wakaishia kufanya kazi ya usaidizi kwa mshahara mdogo. Kwa hiyo mwaka 1977 iliundwa tume ya kuwapima wauguzi kabla hawajaondoka makwao. Hapo yule bingwa wa Uingereza aliyesomea chumba kimoja akagonga mwamba. Miaka ishirini ya kuuguza watoto haikumfaa, kwa kuwa hakusomea uzazi. Sharti arudi darasani.

Kwetu Kenya historia imeelekea upande wa pili. Tangu miaka ya 1980 mafunzo ya mwuguzi wa afya ya jamii yameunganisha uuguzi wa jumla, ukunga, kinga ya maradhi na maradhi ya akili, kwa sababu katika zahanati ya mbali mtu mmoja ndiye daktari, mkunga na mshauri. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka watumishi wa afya kule. Mwuguzi wetu aombapo kuandikwa, hutakiwa aoneshe kuwa anakijua Kiingereza, afanye mtihani wa maswali kwa kompyuta, kisha mtihani wa vitendo huko huko Uingereza. Lakini kwanza huulizwa: wewe ni wa chumba gani? Wa watu wazima, wa watoto, wa akili, au wa wenye ulemavu wa kujifunza? Na ukunga huko ni kazi mbali kabisa, yenye sehemu yake katika daftari, maombi yake na ada yake.

Aghalabu huchagua watu wazima, kwa kuwa ndiko kwenye nafasi nyingi. Akifaulu, jina lake huandikwa, naye hupewa wodi. Huenda kwao alipokea watoto mamia, mara nyingine kwa mwanga wa taa ya mafuta. Huko, sheria humkataza asiye mkunga wala daktari kumzalisha mwanamke isipokuwa kwa dharura. Na mwanamke akishikwa na uchungu mbele yake, wajibu wake ni kwenda kwenye simu na kumwita mkunga.