Magadi Haivunji Mkataba

Kisumu Ndogo, Kibera, mrenda bila magadi ni kazi bure. Mama mboga anakufungia kipande, unatia chembe sufuriani, mboga inalainika. Hicho kipande kimetoka Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Nairobi, ardhi ya Wamaasai.

Ndani yake kuna sodiamu. Lakini hakuna aliyewahi kuiona sodiamu ikiwa peke yake hadi 1807, Humphry Davy alipoitenga kwa umeme huko London. Mbona ngumu hivyo? Atomu ya sodiamu hutoa elektroni yake moja ya nje, ikabaki na chaji chanya. Kundi la kaboneti lina chaji hasi. Chanya na hasi huvutana, si wawili wawili tu, bali kila upande, safu juu ya safu. Ndiyo maana sodiamu kaboneti safi haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 851 za Selsiasi. Maji ya sufuria huzitenganisha chembe hizo kwa kuzizingira, lakini yakikauka, zinarudiana.

Watu je? Mwaka 1904 Waingereza waliwaahidi Wamaasai kwamba Laikipia itakuwa yao maadamu wapo duniani. Mwaka 1911 wakaleta mkataba mwingine, wakawahamisha. Mwaka huohuo, kampuni ya Magadi Soda ikaundwa.

Sodiamu ilitoa elektroni moja, ikapata utulivu. Wamaasai walitoa ardhi, wakapata ahadi ya miaka saba.