Unataka XL au DT ya mtumba Mtwara? Soma kwanza!

Wadau, pesa ya korosho ikiingia, hakosekani jamaa wa kukuletea pikipiki ndefu ya porini, Honda XL 125 au Yamaha DT 125. Mimi kilometa huwa naziangalia mwisho. Huku kwetu, kuanzia Mikindani, Msimbati mpaka mdomo wa Ruvuma, kinachoua pikipiki ni chumvi na mchanga.

Iwashwe mbele yako injini ikiwa ya baridi. XL ikitoa moshi wa bluu ujue inakula oili. DT inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi kidogo ni kawaida yake.

Kisha inama. Angalia fremu kwenye maungio, kama rangi imevimba, chini kuna kutu. Gonga spoku moja moja. Shokapu za mbele zikiwa na vidonda vya kutu, zitakata sili na kuvuja.

Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, halafu mwende TRA mhamishe umiliki. Bila hivyo umenunua kesi.

Ukishainunua, kila ukitoka ufukweni ioshe kwa maji baridi (siyo ya bahari jamani!), ikaushe, cheni uipake oili. Chujio la hewa la sponji lifue, likikauka lipake oili kidogo, maana mchanga ukipita hapo unasaga silinda. Kuiua injini ni rahisi kuliko kupata pesa ya nyingine, na korosho ni mpaka msimu ujao.