Kamba ya Mikunjo Minne

Kabla ya kuingia habari za magogo, hebu nyosheni mikono. Kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati ni dhiraa moja, kadiri ya inchi 18. Dhiraa nne ni pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyotandazwa.

Huko Kuluva, kusini mwa mji wa Arua, habari ya vipimo ni habari ya mipaka. Nchi ile ya West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, hadi alipofariki mwaka 1909. Mwaka uliofuata ikatiwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Basi Kongo ya Wabelgiji ikapima kwa mita, na jirani yake kwa futi za Waingereza.

Futi hizo zilikuwa na jambo ndani yake. Mwaka 1736 Mwingereza Edward Hoppus alichapisha majedwali ya kupimia magogo, na kanuni yake ikaenea katika makoloni. Kamba huzungushwa katikati ya gogo, kisha hukunjwa sehemu nne zilizo sawa. Robo hiyo huzidishwa kwa yenyewe, halafu kwa urefu wa gogo.

Tuchukue gogo la mvule lenye mzingo wa pima moja (futi 6) na urefu wa futi 20. Robo ya mzingo ni dhiraa moja, yaani futi 1.5, kwa hiyo 1.5 mara 1.5 mara 20 ni 45. Lakini hesabu ya duara hutoa futi za ujazo 57 na ushei!

Zile 12 zimekwenda wapi? Watetezi wa kanuni husema zimesamehewa kwa ajili ya mapande ya pembeni yanayopotea gogo linapopasuliwa. Kweli, ila mapande hayo huwa kuni, tena huwa za mnunuzi. Wote wawili wakiijua kanuni, bei hurekebishwa; muuzaji asipoijua, hupunjwa bila mtu kusema uongo.

Kwa mita, gogo letu lina ujazo wa 1.62. Anayeigeuza ile 45 kana kwamba ni futi za kawaida ataandika 1.27.