Mfa Maji Haulizwi Kwao

Katika Ghuba ya Douglas, kwenye Kisiwa cha Man kilichopo baina ya Uingereza na Ireland, upo mwamba uitwao Conister. Maji yakitoka huonekana wote, mweusi na mpana. Maji yakijaa hufunikwa, na nahodha mgeni aingiaye usiku hana dalili ya kumwonya. Wakaao pwani wanaijua miamba ya namna hiyo, kwani kila bandari inao wake. Alfajiri ya tarehe 20 Novemba 1830, katika dhoruba kali, meli ya mvuke ya barua iitwayo St George ilikatikiwa na mnyororo wa nanga ikasukumwa hadi juu ya Conister. Ndani yake walikuwamo watu 22.

Mashua iliyotoka kuwafuata iliongozwa na mzee wa karibu miaka sitini asiyejua kuogelea. Huyo ndiye Sir William Hillary. Kabla ya kufika, mashua ilipoteza usukani na baadhi ya makasia. Wimbi likamzoa Hillary pamoja na wenzake wachache, naye akarudishwa kwa kamba, kifua kimepondeka na mbavu kadhaa zimevunjika. Hata hivyo kazi iliendelea. Watu wote 22 walifika pwani wakiwa hai, na hakuna mwokoaji hata mmoja aliyepotea.

Hillary hakuwa mtu wa bahari kwa asili. Alizaliwa kaskazini mwa Uingereza katika jamaa ya Waquaker, akatumikia jumba la kifalme, kisha katika zama za vita vya Ufaransa akatumia mali yake kuunda jeshi la kujitolea. Mali ikaisha, madeni yakamzidi, na mwaka 1808 akahamia Kisiwa cha Man. Si aibu kulitaja jambo hilo. Huenda mtu aliyekwisha kuelemewa na mawimbi ya aina yake ndiye hasa anayeweza kusimama dirishani akaona vyombo vikivunjika asilale. Mwaka 1822 aliona vingi. Chombo cha serikali kiitwacho Vigilant kiliponea chupuchupu mwezi Oktoba, na mwezi Desemba manowari Racehorse ikavunjika kwenye miamba ya kusini ya kisiwa. Mabaharia wakafa, na wenyeji waliotoka kuwaokoa wakafa pamoja nao.

Mwaka uliofuata, 1823, alichapisha kijitabu cha kuliita taifa la Uingereza liunde chama cha kuhifadhi maisha na mali kutokana na kuvunjika kwa vyombo. Kijitabu hicho kina hoja nyingi za bajeti na vifaa, na msomaji wa leo anaweza kuzipita haraka. Lakini mna sharti moja ambalo halifai kupitwa. Hillary alitaka watu na vyombo vya kila taifa, wakati wa amani na wakati wa vita, wawe sawa mbele ya chama hicho. Hapana budi kukumbuka ni nani aliyeyaandika maneno hayo, na lini: ni yule yule aliyefilisika kwa kuandaa askari wa kupigana na Wafaransa, na ilikuwa haijatimu miaka kumi tangu vita hivyo kwisha.

Chama kiliundwa London tarehe 4 Machi 1824. Jina lake la kwanza lilitaja kuhifadhi maisha tu. Neno mali, lililokuwa katika anwani ya kijitabu, halikuingia. Mtu aliyezoea kutafsiri hutambua uzito wa neno lililoachwa. Kwa desturi ya zamani ya bahari, aokoaye shehena hulipwa fungu la thamani yake, ama aokoaye roho tu hakuwa na cha kudai. Mizani hiyo iliwafanya watu wengi, hata wema, kutazama kwanza magunia. Kwa kulitoa neno mali, chama kilichagua upande usiolipa.

Katika mwezi wa Februari wa mwaka huo huo wa 1824, Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa Mombasa akiutia mji wa Mazrui chini ya himaya ya bendera yake, siku ambazo Muyaka bin Haji alikuwa hai akitunga. Taifa moja lilikuwa na pwani mbili na nyuso mbili. Ndiyo sababu sharti la Hillary linastahili kupimwa kwa matendo, wala si kwa uzuri wa karatasi.

Matendo yalifanywa na watu wengine kabisa. Hillary alikuwa na cheo. Waliovuta makasia walikuwa wavuvi. Walipewa malipo kidogo kwa kila safari ya uokozi, lakini si ujira wa kumtosha mtu kuacha nyavu zake, na hakuna ujira uliolingana na hatari yenyewe. Mashua zilikuwa wazi, zikaburutwa kwa farasi hadi majini, na mpaka katikati ya karne ya kumi na tisa wengi walitoka bila vazi la kuelea. Tarehe 9 Februari 1861, katika mji wa Whitby, mashua ilitoka mara tano kwa siku moja na kurudi salama. Mara ya sita ikapinduka. Wavutaji walikuwa 13, wakafa 12. Aliyebaki, Henry Freeman, ndiye pekee aliyekuwa amevaa vazi la aina mpya lililoshonewa vipande vyepesi vya gamba la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Baada ya siku hiyo haikuhitajika hotuba ya kuwashawishi watu kulivaa.

Kisa kizito kuliko vyote kilitokea usiku wa tarehe 9 Desemba 1886. Merikebu ya Kijerumani iitwayo Mexico, ikitoka Liverpool kuelekea Guayaquil, ilipanda fungu la mchanga karibu na Southport. Ndani mlikuwamo watu 12. Mashua tatu zilitoka katika sehemu tatu, kila moja ikipambana na giza lake. Mashua ya St Annes ilikuwa na watu 13; hakurudi hata mmoja. Ile ya Southport ilikuwa na watu 16. Ilipokaribia ilipinduliwa, na walionusurika ni wawili. Ya tatu, kutoka Lytham, ambayo ilikuwa mpya na haijawahi kufanya kazi, iliwafikia Wajerumani ikawachukua wote 12.

Hesabu hiyo ni ngumu kwa mtu wa hesabu: wavuvi 27 wa Kiingereza wamekufa kwa ajili ya mabaharia 12 wa Kijerumani. Wamebaki wajane 16 na mayatima 50. Ingetarajiwa watu waseme kwamba bei imezidi. Kilichotokea ni kinyume chake. Michango ilimiminika, hata mfalme wa Ujerumani akatoa chake, na bwana mmoja wa St Annes mwenye viwanda vya pamba, Charles Macara, alipoona jinsi chama kilivyotegemea mifuko ya matajiri wachache, akaamua kukipeleka barabarani. Mwezi Oktoba 1891 mashua za uokozi zilipitishwa katika mitaa ya Manchester zikiwa juu ya magari ya kukokotwa, huku vikapu na mifuko ikitembezwa kwa wapita njia hadi kwenye madirisha ya ghorofani. Zilipatikana zaidi ya pauni 5,000. Wafanyakazi wa viwandani, ambao wengi wao hawakuwahi kupanda chombo, walitoa sarafu zao ndogo. Kabla ya hapo chama, ambacho tangu 1854 kilichukua jina linalojulikana hadi leo kwa herufi RNLI, kilijaribu kupokea fedha za serikali, kisha kikaziacha mwaka 1869. Tangu wakati wa Macara mashua hizo zimekuwa mali ya mpita njia.

Sharti la Hillary liliendelea kulindwa bila kutajwa. Mwezi Januari 1917, vijana wakiwa vitani, mashua ya Cromer ilivutwa na watu ambao wengi walikwisha kuzeeka, chini ya nahodha Henry Blogg. Siku moja waliwaokoa mabaharia 16 wa meli ya Kigiriki, na kabla hawajakauka wakatoka tena kwa ajili ya meli ya Kiswidi, wakawaleta 11. Ireland ilipojitenga mwaka 1922, mataifa mawili yaligawana ardhi, lakini mashua hazikugawanywa, na mpaka leo chama ni kimoja pande zote mbili. Hata sheria ilifuata nyuma yao: mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 ulimlazimisha kila nahodha kumsaidia amkutaye baharini katika hatari ya kupotea, hata akiwa adui, maadamu hatakihatarisha vibaya chombo chake na waliomo. Hillary alikuwa amelisema jambo hilo miaka 87 kabla.

Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1847 akiwa amefilisika tena. Juu ya mwamba wa Conister aliacha mnara mdogo uliokamilika 1832, wenye umbo la ngome, uliowekewa mkate, maji matamu na kengele kwa ajili ya atakayekwama. Mshairi Wordsworth aliuona alipofika kisiwani mwaka 1833 akautungia shairi. Katika mashairi yanayosifu minara, hilo ni miongoni mwa machache yanayosifu mnara usiojengwa kwa ajili ya mfalme wala mfu.

Tarehe 19 Desemba 1981, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, meli mpya ya Union Star ilizimikiwa na mashine katika upepo wa kimbunga. Walikuwamo watu wanane, wakiwamo mke wa nahodha na mabinti zake wawili wa kambo. Mashua ya Penlee ilitoka na watu wanane wa kijiji cha Mousehole. Nahodha wa mashua, Trevelyan Richards, alikataa kumchukua kijana mmoja kwa sababu baba yake alikwisha kupanda. Hakutaka nyumba moja itoe wawili usiku ule. Mashua ilibamizwa juu ya meli, wakawapokea watu wanne, kisha wakarudi kuwafuata waliobaki. Hapo redio ikanyamaza. Walikufa wote, waokoaji wanane na waokolewa wanane. Haikupita hata siku mbili, watu wa kijiji kile kile walikwisha kujiandikisha kuunda kikosi kipya.

Maswali juu ya nani anastahili kuokolewa yalikuja kutoka nchi kavu. Mwezi Julai 2021, wahamiaji walipokuwa wakivuka kutoka Ufaransa kwa vidau vya mpira, mwanasiasa Nigel Farage alidai kwamba mashua za uokozi zimegeuzwa teksi zao, na wapo watu wa kujitolea waliotukanwa kwa kazi hiyo. Chama kilijibu kwamba kazi yake ni kuokoa na wala si kuhoji, na michango ikaongezeka kwa kishindo. Tarehe 24 Novemba mwaka huo dau moja lilizama katika mlango huo wa bahari, wakafa watu wasiopungua 27. Ndiyo idadi ile ile ya wavuvi wa mwaka 1886, kana kwamba bahari hutunza daftari.

Miaka miwili kabla yake, mwezi Septemba 2019, ugomvi wa namna hiyo ulizuka magazetini, na chanzo chake kilikuwa huku kwetu, kaskazini mwa Unguja. Wachangiaji waliambiwa kwamba fedha zao zinanunua mavazi ya stara ya kuogelea kwa wasichana wa Zanzibar. Baadhi walikasirika wakaacha kuchangia. Wengine wakaanza kuchangia kwa sababu hiyo hiyo. Fedha zote za kazi za nje ya nchi hazikuzidi asilimia 2 ya matumizi ya chama.

Walionuna hawakuijua Nungwi. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Waliotoka mapema kuokoa walikuwa wavuvi wa hapo pamoja na wenye boti za wapiga mbizi, bila posho na bila chama. Maiti zilizopatikana ni 203. Tume iliyoundwa baadaye ilitaja waliokufa na kupotea kuwa zaidi ya 1,500. Miongoni mwao walikuwa wanawake na watoto wengi, na mwanamke wa visiwani, ingawa huenda kusimama majini hadi kiunoni siku nzima akilima mwani, aghalabu hafundishwi kuogelea. Mwalimu ni mwanamume, na nguo ya kuogelea haina stara; basi binti hubaki ufukweni.

Mradi wa Panje, uliosaidiwa na chama hicho, uliondoa vizuizi vyote viwili: mavazi yakashonwa ya kufunika mwili mzima, na wanawake wakafunzwa wawe walimu. Picha zilizopigwa na Anna Boyiazis zinawaonyesha wanafunzi hao majini, nguo zimetanda kama matanga yaliyoshushwa. Hawakuwa na maboya ya dukani. Kila mmoja amekumbatia dumu tupu la maji, la rangi ya njano, limefungwa vizuri, amelaza kisogo chake juu ya maji na kutazama mbinguni, huku mwalimu akimshikilia mgongo mpaka atakapokuwa tayari kuachiwa.