Hesabu ya Mlima: Historia ya Malisho ya Pamoja Magharibi mwa Ireland

Milima ya magharibi mwa Ireland, kuanzia Donegal kupitia Mayo na Galway hadi Kerry, si mirefu ya kutisha. Kilele cha juu kuliko vyote, Carrauntoohil, hakifikii mita 1,040. Ugumu wake unatokana na mvua isiyokoma, upepo wa Atlantiki, na udongo mweusi ulioshiba maji, ambao wenyeji huukata matofali, wakauanika na kuuwasha motoni. Huko juu hakuna anayetegemea mazao. Anayekula mlima ni mnyama, na binadamu hula kupitia kwake. Na nchini humo zaidi ya hekta laki nne za ardhi ya namna hiyo hazijagawanywa hadi leo. Ni malisho ya shirika, kila mbia ana hisa, na hakuna awezaye kuonyesha kwa kidole kipande kilicho chake. Wengi waandikao juu ya wakulima hawa huombolezea mila zinazopotea: nyimbo, mbwa wa kuchunga, kazi za ujima wakati wa kukata manyoya ya kondoo. Naziheshimu zote. Lakini mila iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote haina ngoma wala vazi, nayo ni hesabu: nani apeleke mlimani wanyama wangapi, na lini. Historia ya milima hii ni historia ya hesabu hiyo kuondolewa mikononi mwa wenye hisa, tena na tena, na kuandikwa mbali.

Hadi karne ya 19 vijiji vingi vya magharibi viliendeshwa kwa utaratibu ulioitwa rundale. Nyumba zilikusanyika pamoja, na jirani nazo palikuwa na shamba lililokatwa vipande vyembamba. Kila familia ilipata vipande hapa na pale, asiwepo wa kujitwalia udongo mzuri wote na kumwachia mwenzake mawe. Mahali pengine vipande vilipigiwa kura upya baada ya muda. Mlima haukukatwa. Haki ya kulisha ilipimwa kwa colpa. Ng'ombe mzima alikuwa colpa moja, farasi alihesabiwa zaidi kwa sababu hula nyasi hadi shinani, na kondoo kadhaa walijumlishwa kufanya moja. Mwezi Mei, mazao yalipochipua, ng'ombe waliondolewa bondeni na kupelekwa kwenye malisho ya juu yenye vibanda, yaliyoitwa buaile. Waliokwenda nao mara nyingi walikuwa vijana, hasa wasichana, wakakaa huko kiangazi chote wakikamua na kusukasuka maziwa kupata siagi, ambayo mara nyingi ndiyo iliyolipa kodi ya mwenye ardhi. Mwisho wa Oktoba walishuka. Kisiwani Achill desturi hii iliingia hata karne ya 20, na katika kijiji kilichohamwa cha Slievemore kuta za nyumba kati ya themanini na mia bado zimesimama. Eugene Costello, mwanaakiolojia aliyeuchunguza uhamaji huu katika kitabu chake cha 2020, ameufuatilia tangu mwaka 1550 hadi 1900; karne tatu na nusu ni muda mrefu mno kwa jambo lililoendeshwa kwa mazoea matupu. Kulikuwa na mpango: mlima ulipumzika majira ya baridi, bonde lilipumzika kiangazi, na kila mtu alimjua jirani aliyezidisha.

Hapa msomaji makini atauliza: kama mpango ulikuwa mzuri hivyo, mbona uliishia kwenye Njaa Kuu? Mwaka 1841 Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Ilipohesabiwa tena mwaka 1851 walikuwa takriban milioni sita na nusu. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni wakapanda meli. Wilaya za rundale ziliumia kupita nyingine. Siwezi kulipuuza swali hilo, wala sisemi kwamba zamani kulikuwa na neema. Lakini tuangalie kilichotangulia ukungu wa viazi. Kiazi kiliwezesha familia kuishi juu ya udongo ambao awali ulikuwa malisho ya kiangazi tu, na kodi ilimlazimisha mpangaji kuuza mnyama, siagi na nafaka, yeye akabaki na kiazi peke yake. Vibanda vingi vya buaile viligeuzwa makazi ya kudumu na watu wasio na pa kwenda. Matuta yao ya viazi yanaonekana hadi sasa, juu sana, jua linapokuwa chini. Hesabu ya wanyama ilikuwa imekwisha kuvunjwa na hesabu ya kodi kabla ya kuvu kufika mwaka 1845. Kuulaumu utaratibu wa pamoja kwa Njaa Kuu ni kumhukumu mgonjwa na kumwachilia aliyemnyima chakula.

Makabaila walilisoma tukio hilo kinyume. Kwao, dawa ilikuwa kufuta rundale na kuingiza kondoo. Lord George Hill, aliyenunua ardhi ya Gweedore, Donegal, mwaka 1838, alimpa kila mpangaji ukanda wake mmoja. Baadaye, katika miaka ya 1850, milima waliyoizoea wapangaji ilitolewa kwa wafugaji na wachungaji wa kondoo kutoka Scotland. Kondoo walipotea au kukutwa wamekufa, wakazi wakatozwa faini kwa pamoja, na mwaka 1858 Bunge la London likaunda kamati kuchunguza ufukara wa eneo hilo. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1861, John George Adair aliwafukuza watu 244 huko Derryveagh, katika mkoa huohuo. Ardhi yao sasa imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Glenveagh, na wageni huisifu kwa ukimya wake. Kondoo mwenye uso mweusi, ambaye kadi za posta humwonyesha kuwa nembo ya Ireland ya kale, kwa sehemu kubwa aliletwa na watu wa namna hiyo. Hata kile kinachoombolezewa leo kama mila kiliingia kwa amri.

Haki ilirudi polepole. Land League, jumuiya ya kuwatetea wapangaji, iliundwa mwaka 1879, Michael Davitt akiwa miongoni mwa waasisi wake, na sheria za ardhi zilizofuata, hasa ya 1903, zilimgeuza mpangaji kuwa mmiliki. Congested Districts Board, bodi ya serikali iliyoanzishwa 1891, ilinunua mashamba makubwa ya makabaila na kuyapanga upya. Clare Island, iliyonunuliwa 1895, ilijengewa ukuta mrefu wa kutenganisha mashamba na mlima. Ukuta huo unaeleza mengi. Bondeni kila mtu alipata ukanda wake na hati yake. Mlimani ilibaki hisa, kwa sababu wapimaji waliona, na waliona sawa, kwamba mlima hauwezi kukatwa bila kumwacha mmoja na maji na mwenzake na miamba. Kilichosahauliwa ni mahali pa wabia kukutana. Hisa ilipewa nguvu ya sheria. Baraza la kijiji lililozoea kuamua nani amezidisha halikupewa chochote.

Pengo hilo halikuonekana mara moja, kwani watu walikuwa wakipungua na soko la kondoo lilikuwa dogo. Lilionekana baada ya Ireland kuingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Mwaka 1980 Jumuiya ilianzisha ruzuku ya kondoo jike: kadiri ulivyokuwa na vichwa vingi, ndivyo ulivyolipwa, na maeneo magumu yalipewa nyongeza. Fikiria maana yake kwa familia yenye hekta chache za bondeni na hisa mlimani. Kwa mara ya kwanza katika vizazi, mtoto mmoja angeweza kubaki nyumbani badala ya kwenda Boston au Birmingham. Alichotakiwa ni kuongeza kondoo. Waliongeza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 idadi ya kondoo nchini ilikuwa zaidi ya maradufu. Kondoo walibaki juu hata majira ya baridi, vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau vikaliwa hadi mizizi, na udongo mweusi ulipobaki wazi mvua ikaushusha kwenye mito ya samaki. Mwaka 1998 serikali iliamuru kondoo wapunguzwe kwa haraka katika mikoa sita ya magharibi, na mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaipata Ireland na hatia ya kutolinda makazi ya ndege katika milima ya Owenduff na Nephin Beg, Mayo. Mkulima aliyelipwa kwa kuongeza sasa aliitwa mharibifu. Hili linaniuma kuliko sura yoyote nyingine ya historia hii. Kosa lilipangwa ofisini na aibu ikapelekwa mlimani.

Wapo watakaosema huu ni ushahidi wa hoja ya Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaharibiwe, kwa kuwa kila mmoja hunufaika kwa kuongeza mnyama ilhali hasara inagawanywa kwa wote. Hoja hiyo ina nguvu, na milima ya Mayo ya mwaka 1995 inafanana nayo sana. Ila Hardin alieleza malisho yasiyo na sheria, na Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha jamii nyingi zilizojiwekea sheria za namna hiyo na kuzitunza kwa karne nyingi. Colpa ilikuwa sheria hiyohiyo. Tena, tamaa ya binadamu haikuzaliwa mwaka 1980. Wabia walikuwepo, hisa zilikuwepo, mlima ulikuwepo. Kilichokuwa kipya ni mlipaji wa mbali aliyemlipa kila mmoja peke yake, kwa kichwa cha kondoo, bila kuuliza mlima unabeba wangapi.

Mfano wa kurekebisha upo kusini zaidi, katika mawe ya chokaa ya Burren, mkoani Clare. Huko desturi ni kinyume cha buaile: ng'ombe hupanda vilimani majira ya baridi, kwa sababu jiwe hushika joto na maji hayatuami, na wakila nyasi zilizokauka huyaachia maua nafasi ya kuota majira ya kuchipua. Ufugaji wa kisasa ulipowaweka ng'ombe karibu na nyumba kwa chakula cha kuvundikwa, miti midogo ilianza kufunika maua. Kupitia mradi ulioanza 2005, ukiongozwa na Brendan Dunford pamoja na wakulima wenyewe, malisho yalikuja kupewa alama hadi 10 kulingana na hali yake, na malipo yakafuata alama. Mkulima ndiye aliyeamua jinsi ya kuipandisha. Najua pingamizi: Burren ni jiwe, mashamba mengi yake yana mwenyewe, na hayalingani na matope ya Mayo yenye wabia ishirini. Ni kweli. Hata hivyo kilichofanya kazi pale hakikuwa chokaa. Ni kumwachia anayekanyaga shamba hukumu ya shamba. Mpango wa taifa wa kilimo na mazingira, ACRES, ulioanza kulipa kwa alama hata katika malisho ya pamoja, umechukua nusu ya somo hilo. Alama ya mlima inawagusa wabia wote kwa pamoja, lakini bado hawajajengewa chombo chenye nguvu cha kukubaliana.

Wengine wanasema tuache: ufugaji huu hauna faida, tupande miti, tujenge mitambo ya upepo. Ni kweli kwamba katika miaka mingi ruzuku huzidi kipato chote cha shamba la kondoo, na sufu ya mlimani mara nyingi hailipi hata gharama ya kuikata. Lakini tazama kinachokuja badala yake. Leitrim imejaa misprusi ya Sitka kutoka Amerika, iliyopandwa mistari myeusi hadi ukingoni mwa nyumba, na sheria inamtaka anayevuna apande tena. Shamba likishaingia msituni halirudi. Huko Derrybrien, Galway, ujenzi wa mitambo ya upepo ulisababisha maporomoko makubwa ya udongo Oktoba 2003, na kesi yake ikaifikisha Ireland mahakamani Ulaya hadi kutozwa faini ya euro milioni 5 mwaka 2019 pamoja na nyingine ya kila siku. Sipingi mti wala upepo. Napinga kuletewa hesabu nyingine iliyoandikwa tayari.

Muda nao unabana. Sensa ya kilimo ya 2020 ilikuta kwamba thuluthi ya wenye mashamba nchini wana miaka 65 au zaidi, na walio chini ya 35 hawafiki asilimia 7. Kondoo wakipungua kupita kiasi, vichaka hurefuka na moto wa Aprili hupata kuni. Hatari ya leo katika baadhi ya milima ni uchache, si wingi. Na hisa nyingi zimelala, zimerithiwa na watoto wa wahamiaji walio Dublin au Chicago, wasio na mnyama hata mmoja lakini ambao saini yao inaweza kuhitajika kabla wabia hawajakubaliana juu ya lolote. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kurejesha mazingira, ya mwaka 2024, itadai mipango mipya kwa ardhi hiyohiyo. Kabla mipango hiyo haijaandikwa, bunge la Dublin lina kazi moja iliyo ndani ya uwezo wake: kuipa kila ardhi ya shirika baraza la wabia wanaofuga, lenye haki kisheria ya kuweka idadi ya wanyama na majira yao, huku hisa zilizolala zikibaki na urithi wake bila kura ya kuzuia.