Ruwaza na Mfuatano wa Midundo

Kwenye kwaya za Mafinga, iwe za Wakatoliki au za Walutheri, mpiga kinanda akishaandaa ngoma za wimbo husema ametengeneza biti. Mazoezini neno hilo linatosha. Anayejifunza kuprogramu, hata hivyo, anahitaji maneno mawili, kwa sababu ndani ya biti kuna vitu viwili. Kipo kipande kifupi, cha mita moja au mbili za muziki, kinachojirudia. Hicho nakiita ruwaza ya midundo. Kisha kuna mpangilio wa ruwaza hizo tangu utangulizi hadi hitimisho, na huo ndio mfuatano wa midundo.

Katika vyote viwili, kinanda hakihifadhi sauti. Kinahifadhi maagizo: noti ipi ipigwe, lini, na kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127. Ni kama karatasi ya vipimo ya seremala, ambayo si kabati lenyewe. Lugha ya maagizo hayo ni MIDI, iliyotolewa mwaka 1983. Makubaliano ya mwaka 1991 yakaitengea ngoma chaneli ya 10: noti ya 36 ni kiki, ya 38 ni snea, ya 42 ni hai-hati iliyofungwa. Ndiyo maana unaweza kupunguza mwendo wa wimbo bila sauti kushuka, na ndiyo maana napendelea kusema "kupanga midundo" kuliko "kurekodi midundo".

Kazi ngumu iko kwenye ruwaza. Mita ya nne kwa nne hugawanywa hatua 16: kiki hatua ya 1 na ya 9, snea ya 5 na ya 13. Hapo hata mgeni anaweza. Lakini ngoma zetu nyingi huenda sita kwa nane, na wapiga vinanda wengi huziwekea staili ya waltz iliyokuja na kinanda. Wimbo unapooza mara moja! Panga hatua 12: kiki hatua ya 1 na ya 7, kisha kayamba au kengele hatua ya 1, ya 5 na ya 9. Sasa mbili na tatu zinavutana, na miguu ya waimbaji inajua la kufanya. Usitumie kupita kiasi ile amri ya kunyoosha mapigo, inayosogeza kila noti kwenye hatua iliyo karibu. Na nguvu za mapigo zisilingane zote.

Tofauti ya istilahi hizi huonekana ibadani. Mwalimu wa kwaya akiona waumini wamesimama, atarudia kiitikio bila kumwambia mtu. Mfuatano uliokwisha kufungwa utaendelea na ubeti unaofuata na kuwaacha waimbaji nyuma. Ruwaza humsubiri: itazunguka mpaka mpigaji abonyeze kijazo, yaani mapigo mafupi ya kuvukia sehemu nyingine, kisha hitimisho. Kwa hiyo kanisani ningehifadhi ruwaza zenyewe, kila moja kwenye kitufe chake, na mfuatano kamili niuache kwa ajili ya studio.