Sandarusi na Msasa

Kabati la bibi lilikataa rangi mara mbili.

Mara ya kwanza nilikuwa na haraka. Mama alitaka liwe jeupe kabla ya hitima ya mwaka, lifanane na kuta mpya za sebuleni. Nilifuta vumbi, nikafungua kopo la rangi ya mafuta, nikapaka. Lilipendeza kwa siku nne. Siku ya tano mdogo wangu alisukuma kiti kikagonga mlango wa kabati, rangi ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake vanishi ya zamani ilikuwa inang'aa vilevile, haina hata alama. Nikapaka tena, safari hii nzito zaidi. Ikabanduka tena, kwa vipande vizito zaidi.

Mama akaniitia fundi wa mtaani, mzee mmoja anayetengeneza vitanda karibu na soko. Nilimwamkia, akaitikia huku tayari ameinama kwenye mlango, akapitisha ukucha, akacheka.

"Umepaka rangi juu ya kioo, mwanangu."

Mbao tupu, alinieleza, ina vitundu, na rangi huingia humo ikashika. Vanishi kazi yake ni kuvifunga vitundu hivyo. Kwa hiyo kwanza osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mafuta ya mikono ya miaka yote yako hapo. Likauke. Kisha piga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, usizikate. Hapo nilidhani natakiwa kukwangua mpaka mbao ionekane, akanizuia. "Huitoi vanishi. Unaua mng'ao tu." Ukimaliza, uso wa mbao uwe kama kioo kilichopumuliwa: kipo, lakini hakionyeshi. Futa vumbi lote, paka praima, acha ikauke, ndipo rangi, mikono miwili myembamba. Mmoja mzito ni uvivu, alisema, na aliniangalia.

Nilikuwa katikati ya tasnifu yangu ya uzamili wakati huo, juu ya biashara ya pwani katika karne ya 19. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nanakili neno "sandarusi" kwenye daftari, frasila kadhaa hapa, frasila kadhaa pale, katikati ya pembe za ndovu na karafuu. Sikuwahi kujiuliza watu wa ng'ambo waliifanyia nini. Nilipiga msasa saa tatu, mikono ikiuma, ndipo nikaenda kusoma.

Waliifanyia vanishi.

Sandarusi ni utomvu wa mti uitwao msandarusi, unaoota kwenye misitu ya pwani. Utomvu mbichi, chakazi, ni laini na bei yake ilikuwa ndogo. Wafanyabiashara wa Kiingereza na Kimarekani waliposhindwa kulitamka neno hilo, waliligeuza likawa tusi la punda kwa lugha yao, na hivyo ndivyo lilivyoingia kwenye vitabu vyao vya biashara. Kilichotafutwa hasa ni ile iliyodondoka zamani sana, ikafukiwa, ikakaa ardhini hata baada ya mti wenyewe kufa na kuoza, mpaka ikawa ngumu kama jiwe. Ilichimbwa kwa jembe katika udongo mwekundu wa mchanga, nyuma ya pwani kuanzia Uzaramo hadi nyuma ya Kilwa, hasa mvua zikishalainisha ardhi. Ikiondolewa gamba lake huonyesha vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ukiona vipele hivyo, unajua ni ya kuchimbwa.

Kutoka kwenye mashimo ilishuka pwani, ikanunuliwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ikavuka kwenda Unguja. Hapo waliisubiri watu wa Salem, mji mdogo wa bandari huko Massachusetts. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake Unguja. Alikuwa mfanyabiashara kwanza, balozi baadaye, na alielewana vizuri sana na Jairam Shivji, aliyeshika forodha ya sultani. Meli zilileta kitambaa cha pamba kilichofumwa huko kwao, ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani, zikarudi na pembe na sandarusi. Salem palikuwa na kiwanda cha kuiosha kwa maji ya magadi ili gamba litoke.

Sehemu iliyonishangaza ni ya vanishi yenyewe. Sandarusi ya kuchimbwa ni ngumu kiasi kwamba haiyeyuki kwenye mafuta hivihivi. Ilibidi ipikwe kwanza kwenye chungu cha chuma kwa joto la zaidi ya digrii 300, ikipoteza sehemu ya uzito wake kwa moshi, ndipo imwagiwe mafuta ya kitani ya moto, na mwisho tapentaini. Mara nyingi chungu kilishika moto. Kilichopatikana kilipakwa kwenye magari ya farasi ya matajiri, mkono juu ya mkono, na kati ya mkono na mkono mafundi walisugua kwa unga wa jiwe na maji. Waliua mng'ao ili mkono unaofuata ushike. Fundi wetu wa sokoni angewaelewa bila mkalimani.

Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860 aliieleza sandarusi kwa kirefu: udongo wake, madaraja yake, bei yake. Wachimbaji aliwapa dharau. Hiyo ndiyo hali ya nyaraka zote nilizosoma. Jina la balozi lipo, la mshika forodha lipo, la meli lipo, la nahodha lipo. Aliyeshika jembe ni "mwenyeji". Bibi yangu alizaliwa Kisarawe, Uzaramo kabisa, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kutaja sandarusi. Nilimuuliza mama. Alisema anakumbuka mashimo, wakiwa wadogo walikatazwa kucheza karibu nayo. Ya nini? "Mashimo tu."

Biashara ilikufa polepole. Bakelite ilibuniwa mwaka 1907, na kufikia miaka ya 1920 viwanda vilikuwa vinajipikia utomvu wa kutengenezwa, rahisi na usiohitaji mtu wa kuchimba.

Nakiri nilitaka vanishi ya bibi iwe sandarusi. Nilishaiandika kichwani ile aya: imezunguka dunia, imerudi Kisarawe kwenye kopo. Nilimwambia fundi. Alichovya kitambaa kwenye spiriti, akakibana nyuma ya kabati kwa dakika moja. Ingekuwa shelaki, utomvu wa mdudu wa India, ingelainika ikanata. Haikunata. Basi yaweza kuwa sandarusi na mafuta, nikasema. Akageuza droo, akanionyesha stakabadhi ya duka iliyobandikwa chini yake, ya mwaka 1981. "Hii ni ya kiwandani, mwanangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza hizi."

Kabati sasa ni jeupe na rangi imeshika. Mama ameridhika.

Kabla hajaondoka, fundi aliniuliza kama najua kwa nini karatasi inaitwa msasa. Sikujua. Ni mti, alisema, majani yake yanakwaruza. Marehemu baba yake alisugulia miiko na mipini kabla karatasi haijafika madukani, na karatasi ilipofika ikarithi jina. Mwezi uliofuata nilikwenda Kisarawe, mjomba akanionyesha mmoja nyuma ya choo. Nilirudi na majani matatu, nikayaacha yakauke, nikavuta ile droo ambayo mgongo wake hatukuupaka. Jani linauma kweli. Taratibu sana kuliko karatasi, lakini baada ya robo saa sehemu ya ukubwa wa kiganja ilikuwa imefifia, na vidole vyangu vilikuwa na unga wa manjano. Niliunusa. Ulinukia kopo.